Kikosi Kilichozaliwa Ibadani

Katika jeshi la Uingereza kulikuwa na kikosi kimoja ambacho askari wake walikwenda kanisani na bunduki. Kilipofanya ibada nje, mchungaji hakuanza mpaka walinzi wametumwa kusimama pande zote, na afisa amekuja kutoa taarifa kwamba wako mahali pao na ibada inaweza kuendelea. Kila kuruta aliyejiunga nacho alikabidhiwa Biblia. Kikosi hicho kiliitwa The Cameronians (Scottish Rifles). Kilivunjwa mwaka 1968.

Kwa nini habari za kikosi cha kigeni, tena kilichokwisha kuvunjwa, ziwekwe katika kitabu cha imani? Kwa sababu kikosi hiki hakikuzaliwa kambini. Kilizaliwa ibadani, miongoni mwa watu waliowindwa kwa sababu ya namna yao ya kumwabudu Mungu. Historia yake inatuuliza swali ambalo kila kanisa hukutana nalo siku moja: watu walioteswa kwa ajili ya imani wakipata nguvu, watazitumiaje?

Mwaka 1638, katika kanisa la Greyfriars mjini Edinburgh, Waskoti walianza kutia sahihi Agano la Taifa. Mfalme Charles wa Kwanza alitaka kulilazimisha kanisa lao litumie kitabu cha sala alichokitaka yeye, chini ya maaskofu. Wao walishika kwamba Kristo peke yake ndiye Kichwa cha kanisa, na kwamba kanisa huongozwa na wachungaji pamoja na wazee wakikaa barazani. Walioshika Agano hilo waliitwa Wanaagano. Wapresbiteri wa Kenya, ambao kanisa lao limetokana na kazi ya wamishenari wa Kiskoti waliofika Kikuyu mwaka 1898, wataona hapo chimbuko la utaratibu wao wenyewe. Mzee wa kanisa anayeketi barazani leo hajui mara nyingi kwamba kiti chake kiliwahi kugharimu damu.

Charles wa Pili aliporudishwa kwenye kiti cha enzi mwaka 1660, maaskofu walirudishwa pia. Wachungaji wapatao 270, karibu theluthi moja ya wachungaji wote wa Uskoti, walikataa masharti mapya, wakafukuzwa katika sharika zao. Watu wengi hawakukubali kuachana nao. Waliwafuata vilimani na mabondeni, wakasikiliza Neno wakiwa wameketi kwenye nyasi, wakabatiza watoto wao kwa maji ya vijito. Serikali iliona uasi katika mikutano hiyo. Mwaka 1670 ikatungwa sheria kwamba anayehubiri katika ibada ya porini adhabu yake ni kifo.

Ndipo walinzi walipowekwa. Watu wachache, wenye macho makali, walipanda juu ya vilima na kuangalia njia za farasi wakati wenzao wanaomba. Bunduki zililetwa ibadani kwa sababu askari wa mfalme wangeweza kutokea wakati wowote. Desturi ambayo baadaye ilionekana kama pambo la kijeshi ilianza kama hitaji la watu wenye hofu ya kweli.

Jumapili ya tarehe 1 Juni 1679, walinzi wa ibada moja karibu na Drumclog waliona askari wakija, wakiongozwa na John Graham wa Claverhouse. Wanaagano waliacha mahubiri, wakapigana, wakashinda. Miongoni mwao alikuwapo kijana aitwaye William Cleland. Jina lake tutakutana nalo tena. Ushindi huo haukudumu hata mwezi. Tarehe 22 Juni walishindwa vibaya kwenye daraja la Bothwell. Mamia ya wafungwa walipelekwa Edinburgh na kuwekwa kwa miezi katika uwanja ulio kando ya makaburi ya Greyfriars, pale pale ambapo Agano lilitiwa sahihi. Wengine walipakiwa melini ili wakafanyishwe kazi ng'ambo. Meli ilivunjika katika visiwa vya Orkney, na wengi wao wakazama.

Baada ya hapo walibaki wachache, na wachache hao walizidi kuwa wakali. Kiongozi wao alikuwa mhubiri Richard Cameron, mzaliwa wa Falkland. Mwezi Juni 1680 yeye na wapanda farasi wapatao ishirini waliingia katika mji mdogo wa Sanquhar, wakasoma hadharani tamko la kumkana mfalme na kumtangazia vita. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 22 Julai, Cameron aliuawa huko Airds Moss. Kichwa na mikono yake vilikatwa na kupelekwa Edinburgh. Waliomfuata wakaitwa kwa jina lake, Wakameroni.

Miaka iliyofuata Waskoti waliiita wakati wa mauaji. Habari ambayo haijasahauliwa ni ile ya Wigtown mwaka 1685. Husimuliwa kwamba mjane mzee, Margaret McLachlan, na binti wa miaka 18, Margaret Wilson, walifungwa kwenye vigingi ufukweni, wakaachwa mpaka maji yakajaa. Mhubiri kijana James Renwick alinyongwa Edinburgh mwezi Februari 1688, akiwa na miaka 26. Kabla mwaka huo haujaisha, Mfalme James alikuwa ameikimbia nchi, na William wa Orange amefika Uingereza.

Hapo mambo yakageuka. Waliokuwa wakiwindwa sasa walihitajiwa. Claverhouse, adui yao wa Drumclog, alikuwa akikusanya jeshi la kumrudisha James. Serikali mpya ilihitaji watu wa kumzuia, na hapakuwa na watu walio tayari kuliko Wakameroni.

Lakini wajiunge? Walibishana sana. Wengine walisema ni dhambi kusimama safu moja na watu ambao jana walikuwa watesi, na kumtumikia mfalme ambaye hakulitambua Agano. Wengine walisema ni dhambi zaidi kukaa kimya huku nchi ikirudi mikononi mwa wauaji. Pande zote mbili walikuwa watu waliozika ndugu zao. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba hajui gharama ya imani.

Tarehe 14 Mei 1689, katika uwanja ulio kando ya mto huko Douglas, jimbo la Lanarkshire, walioamua kujiunga wakaandikishwa. Mapokeo ya kikosi husema watu 1,200 walipatikana kwa siku moja, bila ngoma ya kuwaita. Kanali wao alikuwa James, Earl wa Angus, kijana asiyefika miaka ishirini. Aliyewaongoza vitani hasa alikuwa William Cleland, yule wa Drumclog. Kabla ya kukubali, walisomewa kwa nini wanachukua silaha: kuilinda nchi, imani ya Kiprotestanti na kazi ya matengenezo, dhidi ya utawala wa mabavu. Mchungaji wa kikosi alikuwa Alexander Shields, mtu aliyewahi kufungwa kwa ajili ya imani hiyo hiyo. Mapokeo husema pia kwamba kila kombania ilikuwa na mzee wake wa kanisa, na kila askari alibeba Biblia. Fikiri, msomaji, jeshi ambalo kila kombania yake ni usharika.

Miezi mitatu baadaye wakajaribiwa. Claverhouse alikuwa ameuawa vitani mwezi Julai, lakini jeshi lake lilikuwa bado na nguvu. Wakameroni walipelekwa Dunkeld, mji mdogo usio na ukuta, wakaachwa humo peke yao. Askari walianza kunung'unika kwamba wamesalitiwa, na kwamba mambo yakiharibika maafisa watapanda farasi na kukimbia. Cleland na maafisa wenzake hawakuwakemea. Walijitolea farasi wao waletwe na kupigwa risasi hapo hapo mbele ya askari, ili wote wabaki na njia moja. Askari waliposikia hivyo walisema haitakuwa lazima.

Tarehe 21 Agosti 1689 walivamiwa na jeshi lililowazidi sana kwa idadi. Walipigana tangu asubuhi mpaka usiku wa saa tano. Risasi zilipopungua walibandua madini ya risasi kwenye paa la nyumba ya bwana wa mji, wakaiyeyusha na kufinyanga nyingine. Cleland alipigwa mapema. Inasemekana alijitahidi kujikokota ndani ya nyumba, ili watu wake wasimwone akifa wakavunjika moyo. Adui aliporudi nyuma, mji ulikuwa majivu. Walionusurika waliimba zaburi.

Hapo ndipo masimulizi mengi ya kijeshi hukomea, lakini sisi tuendelee kidogo. Ndani ya mji ule adui walijificha katika nyumba na kufyatua risasi madirishani. Wakameroni walizifunga baadhi ya nyumba hizo kwa nje, na kuziwasha moto watu wakiwa ndani. Hilo nalo liliandikwa na watu wa wakati ule ule, wala halikufichwa. Watu wale wale ambao ndugu zao walizamishwa na kunyongwa waligeuza funguo za milango kwa mikono yao wenyewe. Vita vilikuwa vikali, na wangeweza kusema hawakuwa na njia nyingine. Huenda ni kweli. Lakini zaburi iliyoimbwa usiku ule iliimbwa katikati ya harufu ya moshi huo. Mkristo anayesoma historia ya mashujaa wake hana ruhusa ya kuchagua zaburi na kuuacha moshi.

Baada ya Dunkeld kikosi hakikurudi nyumbani. Serikali ikishapata askari wazuri haiwaachii kirahisi. Kilipelekwa Ulaya bara, na Earl wa Angus akauawa huko Steenkirk mwaka 1692. Kadiri miaka ilivyopita kikawa kikosi cha kawaida cha jeshi la miguu, chenye namba 26. Wale waliokataa kujiunga waliendelea na ibada zao, wakiwa wachache, na kutoka kwao likatokea Kanisa la Presbiteri la Matengenezo. Mbegu moja ilizaa miche miwili: mmoja ukawa kanisa dogo lisilo na nguvu za dunia hii, mwingine ukawa chombo cha taji.

Chombo cha taji huenda kinakotumwa. Mwaka 1840 kikosi cha 26 kilikuwa China, katika vita vya kwanza vya kasumba. Serikali ya China ilikuwa imeteketeza kasumba ya wafanyabiashara wa Kiingereza ili kuwaokoa watu wake na sumu hiyo, na Uingereza ikaenda vitani. Katika kisiwa cha Zhoushan askari wengi wa kikosi walikufa, si kwa risasi, bali kwa homa na kuhara. Wajukuu wa watu waliosema kwamba dhamiri haimilikiwi na mfalme walikufa wakipigania biashara ya kasumba. Sijui mlinzi wa Drumclog angesema nini kama angeonyeshwa siku hiyo kutoka juu ya kilima chake.

Mwaka 1881 jeshi la Uingereza lilipangwa upya, na kikosi cha 26 kikaunganishwa na cha 90, askari wepesi wa miguu wa Perthshire. Hicho nacho kilikuwa na chimbuko la huzuni. Mwaka 1792 tajiri mmoja wa Kiskoti, Thomas Graham, alikuwa akisafirisha maiti ya mkewe Mary kutoka kusini mwa Ufaransa. Katika vurugu za mapinduzi, wanamgambo walilifungua jeneza kwa nguvu na kuidhalilisha maiti. Graham hakuwa askari, na alikuwa amepita miaka arobaini. Mwaka 1794 aliunda kikosi cha 90 kupigana na Wafaransa, na akafikia cheo cha jenerali. Askari wake walifundishwa kazi ya askari wepesi: kutangulia mbele ya jeshi, kutawanyika, kujificha nyuma ya mawe na miti, na kila mmoja kutumia akili yake badala ya kusubiri amri ya safu nzima.

Basi muungano ule ulikutanisha wasiofanana. Upande mmoja uzao wa Wanaagano. Upande wa pili kikosi kilichoundwa na mtu wa jina la Graham, jina lile lile la Claverhouse aliyewawinda. Kwa miaka mingi batalioni ya kwanza ilipenda kuitwa Cameronians na ya pili Scottish Rifles, kama mke na mume waliooana kwa amri ya wazazi. Hata hivyo waliishi pamoja. Walivaa kijani iliyoiva badala ya nyekundu, na walitembea kwa mwendo wa haraka. Kwa kuwa vikosi vya aina hiyo havibebi bendera za vita, kumbukumbu yao ilikaa katika mambo waliyoyafanya: Biblia ya kuruta, silaha kanisani, walinzi wakati wa ibada. Batalioni ya pili, iliyotokana na kikosi cha Graham, ilizishika desturi za watu ambao Claverhouse aliwaita waasi. Huo ni upatanisho wa aina yake, na tusiudharau.

Desturi hizo ziliwasaidia kusimama. Mwezi Machi 1915, huko Neuve Chapelle nchini Ufaransa, batalioni ya pili iliingia vitani ikiwa kamili. Baada ya siku chache walitoka watu wapatao 150, wakiongozwa na kijana mwenye cheo cha Luteni-usu, kwa sababu maafisa wengine wote walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Hawakukimbia. Katika vita vya pili vya dunia batalioni ya kwanza ilipigana katika misitu ya Burma.

Lakini desturi haikuwachagulia vita vyao. Mwaka 1957 kombania moja ya kikosi ilipelekwa Oman kumsaidia Sultani dhidi ya watu wa milimani waliomfuata Imamu wao, Ghalib. Watu wa milimani, wenye kiongozi wa dini, wanaokataa mamlaka ya mfalme: Mkameroni wa mwaka 1680 angeitambua picha hiyo mara moja. Dini ni nyingine na sababu zao ni nyingine, lakini safari hii Wakameroni walisimama upande wa farasi, si upande wa kilima.

Katika mwaka 1967 serikali iliamua kupunguza jeshi. Kikosi kilipewa hiari: kiunganishwe na kingine au kivunjwe. Kikachagua kuvunjwa. Wengine waliona kiburi katika uamuzi huo. Wengine waliona uaminifu. Tarehe 14 Mei 1968 walikusanyika Douglas, siku ile ile ya mwaka kikosi kilipoandikishwa, miaka 279 baadaye. Walinzi walitumwa, taarifa ikatolewa, Neno likahubiriwa, bendera ikashushwa. Kikosi kilichozaliwa ibadani kikamaliza safari yake ibadani.

Tujifunze nini?

Kwanza, desturi ni chombo cha kumbukumbu, nayo ni baraka. Yoshua aliagiza mawe yasimamishwe Gilgali ili watoto wakiuliza maana yake wasimuliwe jinsi Mungu alivyowavusha. Nehemia alijenga ukuta huku watu wake wakishika silaha kwa mkono mmoja. Askari kijana wa Glasgow, hata kama hakuwa mtu wa kusali, alipomwona mlinzi akipanda kilima kabla ya wimbo wa kwanza aliambiwa bila maneno kwamba kuna watu waliokufa ili yeye aweze kufungua Biblia hadharani.

Pili, desturi haiwezi kushika imani kwa niaba yetu. Kikosi kilitunza kila ishara ya ibada ya porini, na bado kikatumwa China. Mlinzi aliendelea kuangalia ng'ambo kumtafuta adui, wakati hatari kubwa ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya mstari wa walinzi, katika amri zilizotiiwa bila kuulizwa. Bwana wetu alimwambia Petro aurudishe upanga mahali pake, na hakumwambia hivyo kwa sababu adui hakuwapo. Adui alikuwapo, na mienge mikononi.

Nasi tuko karibu na habari hii kuliko tunavyodhani. Katika miji mingi ya Kenya, Jumapili asubuhi mlinzi husimama langoni mwa kanisa na kukagua mikoba. Hatuhitaji kueleza watoto wetu kwa nini, wanajua. Tumerudi mahali pa Wanaagano, ambapo mtu mmoja hukosa wimbo wa kwanza ili wengine waimbe kwa amani. Tuwaombee hao walio langoni, na tuwashukuru kwa majina yao.

Lakini kanisa letu si kundi dogo la vilimani tena. Lina shule na mashamba, lina waumini bungeni na jeshini, na sauti yake husikika kwa wakubwa. Basi kila baraza la wazee, kila linapoketi na kuorodhesha maadui wa kanisa, lijiulize na swali la pili, lile ambalo Wakameroni hawakulisikia juu ya kelele za Dunkeld: ni nani, katika kijiji hiki au mtaa huu, anayelazimika kuweka mlinzi mlangoni kwake kwa sababu yetu?